Weji imechoka au imechafuka? Dalili, chanzo na tiba kwa wanaocheza gofu Nyanda za Juu Kusini

Mvua zikianza tu, simu yangu hujaa swali moja: "Kaka, weji yangu haishiki tena mpira, ninunue nyingine?" Weji ni ile fimbo fupi yenye uso uliolala, ya kuinua mpira utue kwenye grini, pale penye shimo. Natengeneza fimbo za gofu nyumbani, Mafinga. Wateja wangu wengi ni wa Mufindi, wachache wa Iringa na Mbeya ambao hunitumia fimbo kwa basi. Fimbo nyingi ninazoletewa kwamba zimekwisha, hazijaisha. Zimeziba tope, au gripu (sehemu ya kushikia) imekufa, au mwenyewe anatumia mpira ambao hata weji mpya isingeushika. Halafu zipo zile ambazo kweli zimekwisha, na wenye nazo wanaendelea kuilaumu mikono yao mwaka mzima.

Huku kwetu weji mpya huwezi kuipata kwa kuvuka barabara. Unaagiza Dar es Salaam, au unamsubiri mtu anayetoka nje. Kwa hiyo fuata dalili kwanza, anza na ukaguzi usiogharimu kitu, pesa iwe ya mwisho.

Kwanza, weji inadumu muda gani?

Titleist, wanaotengeneza weji za Vokey, hutaja raundi 75 kuwa ndipo mifereji ya usoni, ile mistari iliyochongwa mahali fimbo inapogonga mpira, inapoanza kupoteza kazi yake. Ichukue kama tarehe ya kuanza kuikagua kwa makini, siyo tarehe ya kuitupa. Anayecheza kila Jumamosi hufika raundi 75 baada ya mwaka mmoja na nusu hivi. Anayecheza mara mbili kwa mwezi ana miaka mitatu.

Lakini raundi peke yake hazisemi yote. Mchanga ni msasa. Mtu anayesimama bankani, yaani kwenye shimo la mchanga, na kupiga mipira mia kila wiki anaila sendi weji yake (weji ya mchanga) haraka kuliko yule anayecheza mashimo tu. Kadhalika anayefanyia mazoezi kwenye kiwanja cha mpira cha kijiji, chenye udongo mwekundu uliochanganyika na vikokoto. Ndiyo maana weji ambayo uso wake umelala kwa nyuzi 56 na ile ya nyuzi 60 huchoka kwanza, na pichi weji iliyokuja na seti hudumu, kwa kuwa mara nyingi hupigwa ikiwa kwenye majani mafupi. Sijawahi kumshauri mtu abadili weji zote kwa mkupuo.

Dalili: mpira ukitua kwenye grini haukai, unakimbia

Haya ndiyo malalamiko makubwa, na chanzo chake huja kwa mpangilio huu, kuanzia kinachotokea sana.

*Uchafu kwenye mifereji.* Kanuni za gofu zinaruhusu mfereji wa kina kisichozidi inchi 0.020, yaani nusu milimita tu. Hebu fikiria udongo wa Mufindi, ule mwekundu unaonata kwenye buti, ukikauka ndani ya nusu milimita. Unakuwa kama tofali. Kwa macho fimbo inaonekana safi kwa sababu umepitisha kitambaa juu, lakini mifereji imejaa hadi ukingoni.

Nakumbuka nilivyofundishwa hili. Nilikuwa nimeshaamua sendi weji yangu imekufa. Kedi (mbeba fimbo) mmoja mtu mzima akaichukua, akatoa kigingi cha mti mfukoni, akakipitisha kwenye mfereji mmoja tu, polepole, toka kisigino, yaani upande wa mpini, hadi ncha. Ukatoka uzi mzima wa udongo mkavu, mrefu kama njiti ya kiberiti. Akanionyesha kiganjani. "Mwanangu, hii haijachoka. Hili ni tope la wiki iliyopita." Mfereji ule mmoja ulikuwa unang'aa kando ya mingine ambayo sasa nilianza kuiona ilivyokuwa imeziba.

Osha hivi: maji ya vuguvugu, sabuni ya kawaida, mswaki wa zamani. Sugua kufuata mfereji, si kuukata. Palipogoma tumia kijiti cha mwanzi au kigingi cha mti. Usitumie msumari wala ncha ya kisu, chuma kigumu hukwaruza kingo za mfereji, na kingo hizo ndizo unazojaribu kuziokoa. Kausha kabisa, kisha piga mipira kumi kabla hujaamua lolote.

*Mpira wenyewe.* Mipira mingi inayouzwa bei nafuu, na ile inayookotwa kwenye michai na kuuzwa tena, ina ganda gumu. Imetengenezwa iende mbali na isichubuke, siyo isimame. Mpira wenye ganda la yurethani ni laini zaidi na mifereji huung'ata. Kama juzi ulipewa mipira mizuri na mgeni na leo unapiga ya kuokota, fimbo haijabadilika, umebadilisha mpira. Jaribu siku moja kwa mpira wa aina moja tu, raundi nzima.

*Unyevu.* Asubuhi za ukungu, hasa mwezi wa sita na wa saba, majani huwa na umande hadi saa nne. Maji yakikaa kati ya uso wa fimbo na mpira, mpira huteleza badala ya kuzungushwa. Mifereji ipo kwa kazi hiyo hasa: kuyapa maji na majani mahali pa kukimbilia, kama kashata za tairi la gari. Hapa kuna kipimo kizuri. Piga pigo lilelile mchana, kwenye majani mafupi yaliyokauka. Mpira ukishika vizuri mchana lakini asubuhi ukakimbia kuliko ulivyokuwa ukikimbia mwaka jana, mifereji imeanza kuchoka. Weji iliyochoka hujificha pakavu, hujulikana pabichi.

*Mifereji imekwisha kweli.* Baada ya kuosha, simama dirishani jioni, jua likiwa linaingia kwa pembeni, ugeuzegeuze uso wa fimbo kwenye mwanga. Tazama katikati, kuelekea kisigino kidogo, mahali mpira unapogonga siku zote. Je, pana doa laini linalong'aa, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, wakati pembeni bado pana ule ukwaru wa kiwandani? Sasa pitisha ukucha wa kidole gumba kutoka juu kwenda chini, ukikata mifereji. Anza upande wa ncha, ambako mpira haugongi kamwe. Ukucha utanasa: kt, kt, kt. Halafu fanya vivyo hivyo katikati. Ukipita pale pasipo kunasa, kama unapita kwenye sahani, hiyo fimbo imefikia mwisho wa kazi yake. Nakipenda kipimo hiki kwa sababu huhitaji fimbo mpya ya kulinganisha. Ile ncha ndiyo weji yako ilivyokuwa siku uliyoinunua.

Ukiwa bado na shaka, azima weji ya mwenzako yenye nyuzi zilezile na ambayo ni mpya zaidi. Mipira kumi kwa yako, kumi kwa yake, umbali wa yadi 40, mipira ya aina moja. Hesabu kwa hatua umbali mpira unaobiringika baada ya kutua. Tazama pia unavyoruka. Watu wengi hudhani fimbo iliyochoka hupiga mpira chini, kumbe ni kinyume: mpira huteleza kupanda uso wa fimbo, hutoka juu zaidi na spini ndogo (mzunguko mdogo), unatua taratibu kisha unaondoka zake. Tofauti ikiwa hatua moja, endelea nayo. Ikiwa hatua nne tano kila mara, anza kuweka akiba.

*Vipi kuhusu kuchonga mifereji upya?* Kuna vifaa vidogo vyenye ncha vinavyouzwa mtandaoni kwa kazi hiyo. Nitasema wazi: kwa weji ya mazoezi, fanya utakavyo. Kwa fimbo ya mashindano, acha. Tangu mwaka 2010 kanuni za R&A na USGA, vyombo vinavyotunga kanuni za gofu, zimeweka mipaka mipya ya ukubwa wa mfereji na ukali wa kingo zake, na mikono ya kawaida haiwezi kuchonga kwa kipimo cha sehemu ya milimita. Ukizidisha kidogo tu, fimbo yako imekuwa haramu na wewe hujui. Kwa upande mwingine, fimbo halali iliyochakaa kwa matumizi ya kawaida hubaki halali, hilo limo kwenye Kanuni ya 4.1. Kwa hiyo fimbo iliyochoka haitakuondoa mashindanoni. Fimbo iliyochongwa vibaya inaweza.

Dalili: kitu kinalia ndani, au mikono inahisi mtetemo usio wa kawaida

Hii naiweka hapa mapema, ingawa haiji mara nyingi, kwa sababu inaweza kuumiza mtu.

Tikisa fimbo karibu na sikio. Mlio mwepesi wa kama punje ya mchele ndani ya shafti, ule mpini mrefu, mara nyingi ni kipande cha gundi kikavu kilichokatika. Kinaudhi, hakina hatari, ila hakikisha ni hicho tu.

Kisha tazama shingoni, pale shafti inapoingia kwenye kichwa. Ile pete nyeusi ya plastiki imepanda juu na kuacha mwanya? Shika kichwa kwa mkono mmoja na shafti kwa mwingine, jaribu kuzungusha kama unafungua chupa. Kikicheza hata kidogo, raundi yako na fimbo hiyo imekwisha. Usipige hata pigo moja la kujaribu. Kichwa cha weji kina uzito wa karibu gramu 300, na kikichomoka katikati ya swingi kinaruka kama jiwe la kombeo. Mimi kiliwahi kunichomoka. Fimbo ilikuwa imetengenezwa na fundi mmoja aliyetumia gundi ya haraka, ile ya viatu. Asubuhi ya baridi, pigo la tatu, nikasikia mikono imekuwa miepesi ghafla na kichwa kikapotea kwenye michai. Kedi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka njia yake. Tangu siku ile sitazami pembeni nikiona mtu anapiga fimbo inayocheza, namwambia aweke chini.

Vyanzo, kuanzia cha kawaida: gundi iliyozeeka au kuungua kwa joto, kazi mbaya ya fundi aliyetangulia, kutu ndani ya shafti ya chuma, karibu na shingo, ufa kwenye shafti.

Kuhusu joto, kuna tabia moja ya huku kwetu inayonihuzunisha. Mwezi wa saba, mtu anarudi na begi limelowa, analiegesha karibu na jiko la mkaa ili likauke. Gundi ya epoksi hulegea kwa joto, na ndivyo sisi mafundi tunavyovua kichwa kwa makusudi. Kausha kwa kitambaa na hewa, mbali na moto. Buti la gari lililoegeshwa juani siku nzima nalo si mahali pa kuhifadhia.

Kwa anayejiweza, kazi ya kurudishia kichwa ni hii: vua, safisha gundi yote ya zamani ndani ya shingo na kwenye ncha ya shafti, kwaruza ncha kwa msasa, paka epoksi ya vichupa viwili iliyochanganywa sawasawa, kisha usiguse kwa saa 24. Acha dirisha wazi, mvuke wake si wa kuvuta. Lakini kama shafti ni ya grafaiti, mpe fundi mwenye kifaa cha kuvulia kichwa. Grafaiti ikipashwa moto kupita kiasi au kichwa kikizungushwa badala ya kuvutwa moja kwa moja, nyuzi zake huvunjika ndani bila kuonekana. Na shafti yoyote yenye ufa, au ya chuma iliyoliwa na kutu ukaona mashimo, haitengenezwi. Inabadilishwa.

Dalili: umbali haueleweki, leo inapita grini, kesho inabaki fupi

Kabla ya yote, umetoka wapi? Mgeni kutoka Dar es Salaam akifika huku, mpira wake unakwenda mbali kuliko alivyozoea, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mufindi ni juu zaidi. Nimewahi kuletewa seti nzima na mgeni aliyeamini imeharibika safarini. Nilimrudishia bila kuigusa, nikamwambia ashike fimbo fupi kwa namba moja.

Kwa mwenyeji, mtuhumiwa wa kwanza ni rafu, yaani majani marefu, yenye umande. Mpira hutoka bila spini na hukimbia. Wa pili ni kugonga mpira sehemu tofauti za uso kila mara: paka unga wa chaki usoni, piga mara sita, utaona alama zimetawanyika au zimekusanyika. Zikitawanyika, tafuta kocha, usitafute duka.

Lofti (pembe ya uso) iliyopinda ni ya mwisho, lakini ipo, hasa kwa vichwa vya chuma laini kilichofuliwa ambavyo vimegonga mawe au mizizi. Nyuzi mbili tu zinatosha kukuharibia hesabu. Inapimwa na kurekebishwa kwa mashine maalumu. Usibane kichwa kwenye vaisi na kugonga kwa nyundo. Vichwa vingi ni vya kumiminwa, ni vigumu, na shingo hukatika pale pale. Nimeokota vipande.

Dalili: inachimba sana, au inadunda ardhini kabla ya kufika kwenye mpira

Hapa mara nyingi hakuna kilichochakaa. Ni soli, yaani chini ya kichwa, isiyofaa kwa ardhi ya msimu. Weji yenye baunsi (pembe ambayo soli hushuka chini ya ukingo wa mbele) kubwa, zaidi ya nyuzi 10, ni nzuri masika ardhi ikiwa laini na kwenye mchanga mzito. Kiangazi, Oktoba ardhi ya Iringa ikiwa ngumu kama sakafu, soli hiyohiyo hudunda na ukingo wa mbele kugonga mpira tumboni. Yenye baunsi ndogo, nyuzi 4 hadi 6, hufanya kinyume: inapendeza pakavu, masika inazama. Ukiwa na uwezo wa weji mbili, zichague baunsi tofauti.

Lakini geuza soli uitazame. Kama soli ya kiatu, huliwa upande unaoukanyagia zaidi. Mikwaruzo ni kawaida. Ukiona imekuwa bapa mahali palipokuwa na mviringo, au ukingo wa mbele una mapengo ya kugonga mawe, fimbo imebadilika umbo. Pengo dogo lenye ncha unaweza kulilainisha kwa msasa mwembamba ili lisikate majani vibaya. Ukianza kusaga soli yenyewe unabadili uzito na umbo, na chuma kikishaondoka hakirudi.

Dalili: fimbo inageuka mkononi

Gripu. Tazama mahali gumba linapokaa: pakiwa peusi, pagumu na panang'aa, ndiyo hiyo. Osha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, sugua kwa brashi, kausha. Nusu ya gripu zinazoletwa kwangu hufufuka hapo. Ikibaki ngumu au ikiwa na nyufa, badilisha. Watengenezaji hushauri kila mwaka au kila raundi 40. Ni kazi ya bei ndogo kuliko zote kwenye makala hii na inayoleta tofauti kubwa kuliko watu wanavyodhani, maana anayeogopa fimbo kumponyoka huibana, na mkono uliobana hauwezi pigo laini la karibu na grini. Ukivua mwenyewe, kata gripu ya zamani kwa kisu ukielekeza makali mbali na mwili. Kwa shafti ya grafaiti tumia kisu chenye makali ya ndoano, la sivyo utaichanja. Mafundi wengi hulowesha gundi ya mkanda kwa petroli. Ikiwa ndivyo ufanyavyo, fanyia nje, mbali kabisa na jiko na sigara.

Dalili: kutu

Kama weji yako ni ile isiyopakwa kromi, kutu ilitarajiwa tangu kiwandani. Haiongezi spini kama vijana wanavyoambiana, wala haipunguzi ikiwa nyembamba. Futa, paka mafuta kidogo ya cherehani, basi. Kama ina kromi na inabambuka vipande, makali ya kromi hiyo hukata kidole, na kutu itaendelea chini yake. Stilwaya laini tumia kwenye soli na mgongoni tu, usoni usiguse. Kutu iliyochimba mashimo ndani ya mifereji ni sawa na mifereji iliyokwisha.

Ukishaamua kubadilisha, na unanunua mtumba

Anza na ile ya nyuzi 56 au yoyote unayoitumia bankani. Unapokagua ya mtumba, usitazame kung'aa kwa mgongo. Fanya kipimo cha ukucha, ncha dhidi ya katikati, mbele ya muuzaji. Zungusha kichwa. Tikisa sikioni. Beba sumaku ndogo: chuma cha weji nyingi za kweli hunata, wakati vichwa vya bandia vya zinki havinati, na zinki huliwa na mchanga ndani ya miezi. Sumaku isiponata, muulize muuzaji kichwa ni cha chuma gani, na jibu likisitasita irudishe mezani.

Ile ya zamani usiitupe. Ipeleke bankani iwe ya mazoezi, ili mipira mia ya kila wiki iile hiyo na siyo mpya.